Umelipa Hospitali Mwaka Mzima: Je, KRA Itakupunguzia Kodi?

Ikifika Mei na Juni, maswali tunayopokea kutoka Ukunda, Diani na Msambweni hubadilika. Miezi mingine wateja huuliza kuhusu pesa zilizotumwa kwa namba ya mtu mwingine. Juni wanauliza kodi. Na swali moja haliishi kurudi: "Mwaka huu nimelipa hospitali pesa nyingi, na meseji zote ziko kwenye simu. Nikijaza ritani, KRA watanipunguzia?"

Jibu fupi ni hili: bili ya hospitali uliyolipa mfukoni, kwa mtu wa kawaida, haipunguzi kodi Kenya. Lakini kuna malipo mengine ya afya yanayopunguza kodi yako, tena kihalali kabisa, na watu wengi hawayadai kwa sababu hawayajui. Leo tutayapitia moja moja, tupige hesabu pamoja, kisha tuone jinsi rekodi za simu yako zinavyoweza kukusaidia.

Tuseme mapema: sisi kazi yetu ni kuhamisha pesa. Haya ni mafunzo ya jumla. Kama mambo yako ya kodi yana mikono mingi, mwone mhasibu au uwaulize KRA wenyewe.

Kwa nini watu hudhani bili inakatwa kwenye kodi?

Sababu moja ni jamaa walio ng'ambo. Ukiwa na ndugu Marekani, huenda amekuambia kwamba kule mtu huorodhesha gharama zake za matibabu kwenye ritani. Ni kweli, ila hata kule kuna masharti. Ni gharama zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato yake yaliyorekebishwa tu ndizo zinazohesabika, na ni lazima achague kuorodhesha gharama zake badala ya kuchukua punguzo la jumla.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, ilichukua njia nyingine. Haimrudishii mtu gharama baada ya kuugua. Inampa nafuu yule anayechangia bima kabla ya kuugua. Kwa hiyo ukilipa KSh 80,000 kwa upasuaji wa mama yako, KRA haikupi chochote kwa hiyo. Ukilipa bima ya afya mwezi baada ya mwezi, hapo kuna kitu.

Na mchango wa kundi la WhatsApp kwa bili ya jirani? Thawabu yake ipo, lakini si kwenye iTax.

Maneno matatu ya kutofautisha

Watu wengi huyachanganya haya matatu, na ukiyachanganya hesabu yako yote inapinda.

*Makato yanayoruhusiwa.* Hii ni pesa inayotolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijapigwa. Thamani yake inategemea ngazi ya kodi uliyofikia. Ukikatwa KSh 1,000 na uko kwenye ngazi ya asilimia 30, umeokoa KSh 300.

*Nafuu ya kodi.* Hii inatolewa kwenye kodi yenyewe, baada ya hesabu kupigwa. Nafuu ya bima ni asilimia 15 ya ulicholipa. Ukilipa bima KSh 1,000, kodi yako inapungua KSh 150, uwe na mshahara mkubwa au wa wastani.

*Msamaha wa kodi.* Hapa sehemu ya mapato yako haiguswi na kodi kabisa. Msamaha huu ni wa watu wenye ulemavu waliopewa cheti, na ndiyo sehemu pekee ambapo gharama halisi za matibabu huingia kwenye hesabu. Tutaufikia.

Moja: SHIF

Kuanzia 1 Oktoba 2024, makato ya NHIF yalibadilishwa na ya SHIF chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ukiwa umeajiriwa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako wote kabla ya makato. Watu wengi waliona slipu imepanda, wakalalamika, na tunawaelewa. Aliyekuwa na mshahara wa KSh 60,000 alikuwa akikatwa NHIF KSh 1,300. Sasa anakatwa KSh 1,650.

Ambalo halikusikika sana ni mabadiliko ya sheria yaliyoanza 27 Desemba 2024. Tangu siku hiyo mchango wa SHIF ni makato yanayoruhusiwa: unatolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Ushuru wa nyumba za bei nafuu, ule wa asilimia 1.5, nao ukawekwa hivyo hivyo. Zamani NHIF ilikuwa inakupa nafuu ya asilimia 15 tu ya ulichochangia.

Hapa huna fomu ya kujaza wala ombi la kuandika. Mwajiri wako ndiye anayepaswa kupiga hesabu vizuri. Kazi yako ni kukagua slipu.

Mbili: bima ya afya unayolipa mwenyewe

Kama una bima ya afya ya binafsi, mbali na SHIF, unastahili nafuu ya asilimia 15 ya malipo yako. Kikomo ni KSh 5,000 kwa mwezi, yaani KSh 60,000 kwa mwaka. Ili ufike kikomo hicho itabidi ulipe bima ya KSh 400,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wetu hatutakigusa. Fahamu pia kwamba bima ya maisha na ya elimu ziko chini ya kikomo hicho hicho. Ni kapu moja.

Masharti makuu ni haya:

- Bima iwe yako, ya mke au mume wako, au ya mtoto wako. Bima uliyomlipia shangazi ni wema, lakini haikuletei nafuu.
- Uwe umelipa wewe. Kama mwajiri ndiye anayelipa na malipo hayo hayajahesabiwa kama sehemu ya mapato yako yanayotozwa kodi, huwezi kuyadai.
- Uwe na cheti cha bima kutoka kwa kampuni, kinachoonyesha namba ya bima, PIN ya KRA ya kampuni, tarehe ya kuanza na kiasi ulicholipa mwaka huo.

Tatu: mfuko wa matibabu baada ya kustaafu

Huu ni mfuko unaochangia ukiwa kazini ili ukistaafu upate matibabu. Mchango wako hadi KSh 15,000 kwa mwezi ni makato yanayoruhusiwa. Waajiri wengi wadogo hawana mpango huu, lakini kama unafanya kazi kwenye taasisi kubwa, muulize afisa wa rasilimali watu. Swali ni bure.

Sasa hesabu

Tuchukue mhudumu wa hoteli Diani anayelipwa KSh 60,000 kwa mwezi. Huyu ni mfano tu, lakini namba zake ni za kweli kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2023 na makato ya NSSF ya kuanzia Februari 2025.

Kwanza tunatoa makato yanayoruhusiwa:

- NSSF: KSh 3,600
- SHIF: KSh 1,650
- Ushuru wa nyumba: KSh 900

Jumla ni KSh 6,150. Mapato yanayotozwa kodi yanabaki KSh 53,850.

Kisha tunapanda ngazi:

- KSh 24,000 za kwanza kwa asilimia 10: KSh 2,400
- KSh 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: KSh 2,083.25
- KSh 21,517 zilizobaki kwa asilimia 30: KSh 6,455.10

Jumla ni KSh 10,938.35. Tunatoa nafuu ya kila mlipa kodi, KSh 2,400. Kodi ya mwezi inakuwa KSh 8,538.35.

Sasa tuseme mhudumu huyu ana bima ya afya ya familia anayoilipia KSh 3,000 kila mwezi kwa simu. Nafuu yake ni asilimia 15, yaani KSh 450. Kodi inashuka hadi KSh 8,088.35. Kwa mwaka mzima ameokoa KSh 5,400.

Na SHIF je? Kwa kuwa KSh 1,650 zake zilitolewa kabla ya kodi na yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, ameokoa KSh 495 kwa mwezi, au KSh 5,940 kwa mwaka. Mwajiri akisahau kuitoa SHIF kwanza, hiyo ndiyo pesa inayopotea kimya kimya.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua slipu yako, weka namba zako mahali pa zetu, uone kama kodi iliyoandikwa inakaribiana na uliyopata. Ikitofautiana kwa shilingi chache, usijali. Ikitofautiana kwa mamia, nenda ofisini na karatasi yako ya hesabu mkononi. Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri, anapokata kodi ya mshahara, azingatie makato, nafuu na misamaha yote unayostahili. Kwa hiyo huombi hisani.

Ila tuwe wakweli: kama mapato yako yanayotozwa kodi hayazidi KSh 24,000 kwa mwezi, ile nafuu ya KSh 2,400 inafuta kodi yote. Hulipi kodi ya mshahara, kwa hiyo bima haina kodi ya kupunguza. Bima bado ina faida yake siku ya kuugua, ila mtu asikuuzie kwa ahadi kwamba "KRA watakurudishia".

Nne: kama una ulemavu, soma hapa kwa makini

Hii ndiyo sehemu tunayotamani iwafikie watu wengi zaidi. Kwa agizo la msamaha wa kodi la mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha hatozwi kodi kwenye KSh 150,000 za kwanza za mapato yake kwa mwezi, sawa na KSh 1,800,000 kwa mwaka. Juu ya hapo, anaweza kuondoa hadi KSh 50,000 kwa mwezi kwa gharama zinazohusiana na ulemavu wake: dawa, huduma ya hospitali, na mtu wa kumhudumia nyumbani.

Kwa hiyo hapa ndipo risiti ya dawa ina uzito mbele ya KRA.

Mfano wa kwanza: mwalimu mwenye ulemavu huko Msambweni anayelipwa KSh 70,000. Akiwa na cheti, kodi yake ya mshahara ni sufuri. Asipokuwa nacho, anakatwa kama mtu mwingine yeyote, mwezi baada ya mwezi.

Mfano wa pili: meneja anayelipwa KSh 190,000. Tukiacha NSSF, SHIF na makato mengine ili hesabu iwe rahisi, baada ya msamaha wa KSh 150,000 zinabaki KSh 40,000. Kodi yake ingekuwa KSh 4,383.35 baada ya nafuu ya KSh 2,400. Lakini anatumia KSh 22,000 kwa mwezi kwa dawa na mhudumu wa nyumbani, na ana risiti. Zinabaki KSh 18,000, kodi yake ni KSh 1,800, nafuu ya KSh 2,400 inaifuta. Halipi kitu. Bila risiti, angelipa zile KSh 4,383.35.

Njia ya kupata cheti, kwa ufupi:

1. Fanyiwa tathmini ya kimatibabu kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwa watu wa Kwale, anza kwa kuuliza hospitali ya rufaa ya Msambweni.
2. Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, upate kadi.
3. Andaa kitambulisho, PIN ya KRA, ripoti ya tathmini, na barua ya mwajiri kama umeajiriwa.
4. Tuma ombi kwa iTax. Hakikisha ritani zako za nyuma zimejazwa, kwa sababu deni la ritani hukwamisha ombi.
5. Ukipata cheti, mpe mwajiri nakala ili aache kukukata.

Mambo mawili ya kuzingatia. Cheti kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo iweke kwenye kalenda ya simu na uanze kukihuisha mapema. Na kusamehewa kodi si kusamehewa ritani. Ritani unajaza kila mwaka.

Bima ya kazini na posho ya matibabu si kitu kimoja

Kuna waajiri wa aina mbili. Mmoja ana mpango wa matibabu kwa wafanyakazi wake wote: ukiugua, unatibiwa na mwajiri au bima yake inalipa. Thamani ya matibabu hayo, kwa mwajiriwa wa kudumu, haitozwi kodi.

Mwingine anaongeza KSh 5,000 kwenye mshahara na kuiita posho ya matibabu. Hiyo ni pesa taslimu. Inatozwa kodi kama mshahara mwingine wote, hata kama uliipeleka yote kwenye duka la dawa. Aliye ngazi ya asilimia 30 anapoteza KSh 1,500 kwenye kodi peke yake.

Unapojadiliana mkataba mpya msimu ukianza, swali la busara ni hili: "Mna mpango wa matibabu, au ni posho?" Bima ya KSh 5,000 inaweza kukufaa kuliko posho ya KSh 5,000.

Na wenye biashara ndogo na nyumba za kupangisha?

Kama una duka Ukunda au boti ya watalii Shimoni, na unalipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, hakuna makato. Kodi hiyo hupigwa kwenye mauzo yote, na kulipa bima ya afya hakuipunguzi. Vivyo hivyo kwa mwenye nyumba anayelipa asilimia 7.5 ya kodi ya pango: inapigwa kwenye pango lote, bila kuondoa gharama.

Wajibu wa SHA hata hivyo uko pale pale. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na kulipa asilimia 2.75 ya mapato yanayokadiriwa, si chini ya KSh 300 kwa mwezi, na malipo ni ya mwaka mzima. Unaweza kuanza kwa kupiga *147#. Ukumbuke kusajiliwa si kulipa: jina kuwepo kwenye mfumo hakutoshi unapolazwa.

Msimu wa chini, hatari ya juu

Pwani ya kusini tunaijua kalenda yetu. Masika yakianza, wageni wanapungua, hoteli nyingine hufunga na wafanyakazi hurudi nyumbani hadi Julai. Mshahara ukikatika, na makato ya SHIF yanakatika. Mtu anakuja kugundua akiwa kwenye dirisha la hospitali na mtoto mgongoni. Wakati huo kodi si shida yako. Shida ni bili.

Kwa hiyo ukipewa barua ya likizo isiyo na malipo, fanya mambo matatu wiki hiyo hiyo:

- Angalia hali yako ya SHA kwa *147#.
- Kama malipo yamekatika, uliza utakavyoendelea kama mtu asiye na mshahara.
- Omba P9 yako, au angalau slipu zote, kabla hujaondoka. P9 ni muhtasari wa mwaka wa mshahara na kodi iliyokatwa.

Waliobadilisha mwajiri katikati ya mwaka watakuwa na P9 mbili. Ziingize zote kwenye ritani. Ukiacha moja, mfumo utaona pengo. Na kama waajiri wote wawili walikupa ile nafuu ya KSh 2,400 kwa mwezi mmoja, ritani itaonyesha unadaiwa. Ni heri ujue Mei kuliko usiku wa mwisho wa Juni.

Simu yako kama faili la risiti

Meseji ya malipo inathibitisha kwamba pesa ilitoka kwako. Haithibitishi ilinunua nini. KRA wakikuuliza kuhusu bima, watataka cheti. Kwa gharama za ulemavu, weka risiti ya hospitali au duka la dawa pamoja na maagizo ya daktari. Taarifa ya miamala ya simu huja kama shahidi wa pili, na shahidi wa pili ana thamani kubwa wa kwanza anapoyumba.

Zoea haya:

- Lipa kutoka kwenye laini yako mwenyewe. Bima iliyo kwa jina lako lakini inalipwa kwa laini ya kaka yako huzua maswali.
- Andika namba ya bima bila kukosea unapolipa kwa Paybill. Namba moja ikipinda, malipo yanaangukia kwa mtu mwingine, na cheti chako cha mwisho wa mwaka kitakuwa pungufu.
- Piga picha risiti siku hiyo hiyo. Karatasi za mashine hufifia, na joto la Pwani haliziachi salama.
- Pakua taarifa ya miamala ya Januari hadi Desemba kila mwaka unapoanza, uihifadhi kwenye barua pepe yako. Simu huanguka baharini.
- Tunza kumbukumbu miaka mitano. Ndiyo muda ambao sheria inataka uwe nazo.

Unapojaza ritani

Mwisho ni 30 Juni kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Utaratibu ni huu:

1. Pata P9 kwa mwajiri na cheti kwa kampuni ya bima. Usisubiri Juni, kila mtu atakuwa anaomba.
2. Ingia iTax kwa PIN na neno lako la siri.
3. Mwanzoni mwa fomu utaulizwa kama una bima na kama una cheti cha msamaha kwa sababu ya ulemavu. Ukijibu "hapana" kwa haraka, sehemu ya kudai haitafunguka. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao.
4. Kwenye sehemu ya nafuu ya bima, jaza PIN ya kampuni, namba ya bima, tarehe ya kuanza na malipo ya mwaka. Fuata cheti neno kwa neno.
5. Linganisha jumla na P9. Kama mwajiri hakukupa nafuu wakati wa kukata, fomu itaonyesha umelipa zaidi.
6. Tuma, pakua stakabadhi, kisha uombe rifandi kwenye iTax iwapo umelipa zaidi. Una miaka mitano ya kuomba, kwa hiyo mwaka uliosahau haujapotea.

Huna kompyuta? Huduma Centre ya mjini Kwale inaweza kukusaidia, na saiba za Ukunda pia. Ila ukienda saiba, kaa kando ya anayejaza na usome kila anachoandika. Akikuambia "niweke bima hapa upate rifandi" na wewe huna bima, simama uondoke. Ritani ina jina lako, si lake. KRA wakiomba cheti, utakayelipa kodi na adhabu ni wewe.

PIN mbili, usizichanganye

Msimu wa ritani ni msimu wa matapeli pia. PIN ya KRA ni ile inayoanza kwa herufi. Mwajiri na kampuni ya bima wanaihitaji. PIN ya pesa kwenye simu yako ni tarakimu za siri, na hakuna anayeihitaji: si KRA, si SHA, si hospitali, wala sisi.

Ukipokea meseji kwamba rifandi yako iko tayari na utume KSh 500 "ya kuifungua", futa. Hakuna rifandi inayoanza kwa wewe kutuma pesa.

Maswali ya haraka

*Nililipa bili ya mtoto kwa mkopo wa simu. Riba inakatwa kwenye kodi?*
Hapana. Bili haihesabiki, na riba ya mkopo huo haihesabiki pia.

*Mimi na mume wangu tuna bima moja. Nani anadai?*
Anayelipa na ambaye cheti kinamtaja. Msidai wote wawili malipo yale yale.

*SHA imelipa sehemu ya bili, nikaongeza iliyobaki. Nyongeza hiyo je?*
Ni gharama yako ya mfukoni. Haipunguzi kodi, isipokuwa kama una cheti cha msamaha na gharama hiyo inahusiana na ulemavu wako.

*Sijawahi kudai nafuu ya bima na nimelipa miaka mitatu.*
Omba vyeti vya miaka hiyo, rekebisha ritani, uombe rifandi. Kwa mtu anayelipa KSh 3,000 kwa mwezi na aliyekatwa kodi inayotosha, miaka mitatu ni KSh 16,200.

Fanya hivi leo

Fungua slipu ya mwezi uliopita na utafute mistari mitatu: SHIF, mapato yanayotozwa kodi, na nafuu ya bima. Mstari wa SHIF uwe asilimia 2.75. Mapato yanayotozwa kodi yawe yamepungua kwa SHIF hiyo. Na kama unalipa bima yako mwenyewe, nafuu ionekane. Ukikosa mmoja, mpelekee mwajiri cheti chako kesho asubuhi. Ukimjua jirani mwenye ulemavu ambaye bado anakatwa kodi, mtumie somo hili kabla Juni haijafika.